Nguzo za Magurudumu ya Mbele

Gari la Mervyn Foxall liliondoka nyumbani Ijumaa asubuhi kwa mngurumo wake lenyewe, likarudi saa saba mchana limebebwa mgongoni mwa lori.

Beryl, mkewe, alikuwa ndiyo kwanza anatoka kazini, katika jiko la shule ya msingi, bado ananuka kabichi. Alipoliona lori limeziba mtaa wao mwembamba pale Lye, nje ya Birmingham, na mapazia ya majirani yakifunguka moja baada ya jingine, alijua. Mervyn alikuwa amekaa mbele na dereva, bahasha ya kahawia mapajani, ametoa macho kama mtu aliyejikuta kwenye mazishi ya watu asiowajua.

"Limekufa kabla halijazaliwa, Mervyn?" Bwana Pargeter, jirani wa mkono wa kulia, aliuliza kutoka nyuma ya ua wake. Mkasi wa kukatia majani ulikuwa mkononi, lakini hapakuwa na jani lililokatwa.

"Limechoka tu," Mervyn akajibu.

"Miaka sita limelala bandani, limechokea wapi?"

Dereva wa lori akacheka, kisha akauona uso wa Beryl, akaacha. Alilishusha gari polepole kwa mnyororo. Lilikuwa gari dogo jekundu la watu wawili, halina paa, limekaa chini chini kama beseni. Lilikuwa gari la kujiundia. Fremu na mabati Mervyn aliyanunua kwa kampuni ndogo. Vilivyobaki, kuanzia injini hadi taa, aliviokota kwenye magari makuukuu yaliyotupwa, akaviosha, akavikereza, akavifunga mwenyewe. Gari la namna hiyo halipewi namba mpaka mkaguzi wa serikali alipekue. Leo lilikuwa limekwenda kupekuliwa.

"Saini hapa, mzee," dereva akasema. "Wala usijali. Kila wiki nawarudisha wawili watatu wa aina yako."

Wa aina yako. Beryl alimwona mumewe akiyameza maneno hayo pamoja na mate. Mtu huyu alikereza vyuma miaka thelathini na nane, akafundisha vijana ambao sasa wana karakana zao. Tangu kiwanda kifungwe, miaka mitatu sasa, anapanga mikebe ya maharage kwenye rafu za duka kubwa, amevaa fulana yenye maandishi ya "Niulize mimi", na watu humwuliza choo kiko wapi.

*

Beryl alimwekea chai. Hakuinywa.

"Wamesemaje?"

"Taa sawa. Breki sawa. Mikanda sawa. Mkaguzi mwenyewe kijana, mpole, ana adabu zake. Alikuwa karibu kumaliza. Kisha akapiga magoti, akamulika tochi nyuma ya gurudumu la mbele, akakaa hapo muda mrefu. Akaniita. 'Bwana Foxall, hebu njoo uone. Hii ni kutu, au ni kitu kingine?'"

"Ikawa nini?"

"Njoo."

Walikwenda bandani. Mervyn alikuwa ameshalipandisha gari kwa jeki na kulivua gurudumu la kulia. Beryl hakuwa mgeni wa mambo hayo. Ukiishi na mtu wa vyuma miaka thelathini na tano, vyuma vinakuingia kama unavyoingiwa na methali za mama mkwe. Alikijua kile chuma kinene, kirefu kuliko kiganja cha mkono, kinachosimama wima nyuma ya gurudumu. Mervyn alikiita nguzo. Nguzo ndiyo inayobeba gurudumu, ndiyo inayobeba breki, na pembeni mwake hutokeza kimkono kinachovutwa na usukani. Nguzo za gari hili zilitoka kwenye gari kuukuu la familia, zito, lenye kimkono kirefu mno kwa gari dogo. Ukizifunga hivyo hivyo, kila ukikanyaga shimo usukani unakupokonya. Kwa hiyo Mervyn alikikata kila kimkono, akakifupisha, akakirudisha kwa kuchomelea. Tundu la juu nalo akalipanua lipokee kiungo kingine. Kazi safi. Watu wa chama chao cha magari ya kujiundia walikuja kuitazama wakapiga mbinja.

Pembeni mwa mchomeleo, sasa, palikuwa na mstari wa kutu, mwembamba kama unywele.

Mervyn alitoa makopo matatu rafuni, mabaki ya kiwandani. Akaisafisha nguzo kwa la kwanza. Akapuliza rangi nyekundu kwa la pili, akasubiri dakika kumi, akafuta mpaka chuma kikang'aa tena, kana kwamba hakikuwa na neno. Kisha akapuliza unga mweupe kwa la tatu. Wakatazama. Mwanzoni ilikuwa nyeupe tupu. Halafu, taratibu, wekundu ukaanza kuchungulia kutoka ndani ya chuma, tone kwa tone, mpaka ukawa mstari mmoja uliozunguka nusu ya kimkono.

"Ni ufa," Beryl akasema.

"Ni ufa."

"Kwa hiyo ulikwenda nao hadi Birmingham. Na kama kimkono kingekatika?"

"Gurudumu lingekwenda linakotaka, na mimi ningelifuata."

Beryl akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Kilichomjia kwanza kilikuwa shukrani, tena shukrani ya hasira: alitaka kumkumbatia na kumpiga kibao kwa mkono uo huo. Alikuwa bado anachagua aanze na lipi alipoona kwamba mumewe hafurahi kupona. Alikuwa ameutazama ukuta.

"Mervyn?"

"Yule mama wa Lincolnshire," akasema. "Nilizichomelea wiki moja. Zangu na zake."

*

Mama wa Lincolnshire aliitwa Bi Hilary Cawdron. Mwezi wa kwanza alisoma tangazo la Mervyn la kuuza nguzo katika jarida la chama, akapiga simu, na aliyepokea alikuwa Beryl. Walizungumza karibu saa nzima. Mumewe alikufa akiwa ameacha fremu ya gari chini ya turubai, naye kwa miaka miwili alikuwa akiizunguka na kapu la nguo mpaka siku moja akasema, heri niimalize au niichome. Alilipa pauni mia mbili na themanini kwa nguzo mbili. Fedha hizo zilitengeneza mtambo wa kupashia nyumba moto, kwa sababu Januari ile Beryl alikuwa akilala na koti.

"Zake zilikuwa sawa na zako?" Beryl akauliza.

"Mbaya zaidi." Mervyn alisugua uso. "Chuma kile hakipendi kushtuliwa, bibie. Lazima ukipashe moto kwanza kote, uchomelee, kisha ukifukie kwenye majivu kipoe polepole, hata siku nzima. Gesi ya kupashia ilikuwa inaisha. Zangu nilizipasha nusu. Zake nikazipasha robo, nikaziacha zipoe mezani, hapo hapo kwenye baridi."

"Kwa nini hukununua mtungi mwingine?"

Beryl alijijibu mwenyewe. Jumamosi ile yeye ndiye aliyesimama mlangoni akimhimiza: posta inafunga saa sita, mzigo huu leo au wiki ijayo, na fundi wa mtambo hatakuja bila fedha. Yeye ndiye aliyezifunga nguzo katika magazeti ya zamani zikiwa bado vuguvugu. Alizibeba kwa toroli la sokoni. Karani wa posta alimtania: "Mama, umemuua nani humu?"

Mervyn aliinuka, akaenda ukumbini, akapiga simu. Ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea. Akapiga tena. Mara ya nne Beryl akaweka kidole juu ya simu akaikata.

"Ngoja kwanza. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia asiendeshe."

"Na akikuuliza kwa nini?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia gesi iliisha? Utamwambia ulijua?" Sauti yake ilishuka, kwa sababu kuta za nyumba hizi ni nyembamba na Pargeter ana masikio. "Mervyn, sikiliza. Huenda za kwake ni nzima. Huenda hajazifunga bado. Huenda ameshaliuza gari. Lakini ukimwambia kwa kinywa chako, mtu yule ana wakili, watu wa kule wote wana mawakili. Atatushtaki. Tuna nini sisi? Nyumba hii tu. Umri wako huu, twende tukakae wapi, kwa dada yako?"

"Unataka ninyamaze."

"Nataka usubiri. Jumatatu tutafikiri vizuri."

Mervyn alimtazama mkewe bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomuuma Beryl zaidi. Kisha akarudi bandani. Chakula cha jioni kilikuwa mipira ya maini na njegere, kipenzi chake. Kilipoa mezani.

*

Alfajiri Beryl alishuka ngazi akamkuta mlangoni amevaa koti, mfuko wa spana mkononi, yale makopo matatu yamechungulia juu.

"Unakwenda na nini?" akamwuliza.

"Na gari letu la kila siku. Kama hunikatalii."

"Huoni vizuri barabara kuu. Mwaka jana ulimfuata mtu wa maziwa hadi Kidderminster ukidhani ni gari la dada yako Joan."

"Nitakwenda polepole."

Beryl alikuwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameitafuta kwenye droo ya jikoni tangu alipoamka, akijiambia anatafuta kitu kingine. Ilikuwa stakabadhi ya posta. Anwani ilikuwa kwa mwandiko wake, na chini yake, pale walipomwuliza mzigo ni nini, alikuwa ameandika: sehemu za gari, imara.

"Nipe ufunguo," akasema. "Nitaendesha mimi. Wewe piga simu."

Walipita Leicester, wakapita Newark, Mervyn akijaribu simu ya mkononi kila nusu saa. Haikupokelewa. Karibu na Lincoln Beryl akasema, "Jana nilisema vibaya," naye akajibu, "Jana ulisema kweli. Nyumba ndiyo hiyo hiyo moja." Wakala mikate ya nyama ya kopo huku wakiendelea na safari.

Kijiji cha Bi Cawdron kilikuwa nje kidogo ya Louth, nyumba tisa na kanisa. Yake ilikuwa na ghala la matofali lenye milango miwili. Milango yote ilikuwa wazi. Ndani palikuwa na meza ya spana iliyopangwa kwa urefu, turubai lililokunjwa vizuri, na doa bichi la mafuta sakafuni. Gari halikuwepo.

Beryl aliegemea mwimo wa mlango.

Mwanamke aliyekuwa akianika nguo nyumba ya pili akawapigia kelele: "Mnamtafuta Hilary? Mmechelewa! Alipewa namba juzi. Ameondoka saa nzima sasa na dada yake, wamekwenda Mablethorpe kula samaki. Wamevaa miwani kama marubani!"

"Simu hapokei," Mervyn akasema, kama mtu anayejitetea.

"Simu iko jikoni, yeye huishi ghalani. Nani ampigie? Mungu?"

*

Kutoka hapo hadi Mablethorpe ni maili kumi na nne, njia nyembamba yenye mitaro mirefu pande zote mbili. Beryl hakuwahi kuendesha vile maishani mwake, wala hajaendesha vile tena. Katika kila kona macho yake yalikwenda mtaroni kabla ya kwenda barabarani. Mervyn alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kila kona ilipokuwa tupu alisema, "Hapana," kwa sauti ndogo, na Beryl akabadilisha gia.

Hapana. Hapana. Hapana.

Wakaingia mjini, wakapita duka la aiskrimu, wakapita punda wa kupandwa na watoto. Katika uwanja wa kuegesha magari, mwisho kabisa, chini ya ukuta wa kuzuia bahari, lilikuwepo gari dogo la kijani lisilo na paa. Wanawake wawili wenye mvi walikuwa wamekalia ukuta, miwani ya upepo imepandishwa kwenye paji, wanakula samaki na chipsi kwenye karatasi.

Beryl alisimamisha gari katikati ya njia. Alitaka kushuka, lakini mikono yake haikukubali kuachia usukani. Ilibidi Mervyn amfungue vidole.

"Wako wazima," akamwambia. "Beryl. Wanakula chipsi."

Mervyn alivua kofia. Akawaendea, mfuko wa spana mkononi, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Bi Cawdron? Mimi ni Foxall. Niliyekuuzia nguzo."

"Bwana Foxall!" Mwanamke yule mrefu, mwenye pua ya heshima, akainuka akajifuta mkono. "Umekuja kutoka kule hadi huku? Enid, huyu ndiye mtu wa nguzo! Tazama gari, Bwana Foxall. Linashika njia kama gundi."

"Bi Cawdron, samahani. Usiliendeshe tena."

Akaeleza, akiwa amesimama, bila kutafuta maneno mazuri: ufa wa jana, mkaguzi, chuma kisichopenda kushtuliwa. Alipofika kwenye gesi alitaja nusu na robo, hakuficha. Watu wawili watatu waliokuwa wakilishangaa gari walisogea kusikiliza. Mmoja, amebeba mbwa kwapani, akasema, "Ndiyo hasara ya vitu vya kutengenezewa nyumbani." Mervyn alimwitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

Uso wa Bi Cawdron ulikuwa umebadilika kidogo kidogo, kama maziwa yanavyoganda.

"Nionyeshe," akasema.

Walipandisha jeki. Gurudumu la kushoto: rangi, dakika kumi kwa saa ya Enid, kitambaa, unga mweupe. Weupe ukabaki weupe. Enid akashusha pumzi, akachukua chipsi nyingine. Gurudumu la kulia: rangi, dakika kumi, kitambaa, unga. Wekundu ukatoka. Haukuwa mrefu, labda urefu wa njiti ya kiberiti, lakini ulitoka haraka, kama uliokuwa ukisubiri kuulizwa.

Mwenye mbwa alikwenda zake.

"Nilikwenda maili hamsini kwa saa," Bi Cawdron akasema. "Na dada yangu kando. Na lori la viazi linakuja mbele yetu." Akamgeukia Mervyn. "Ulijua Januari?"

"Nilijua si kazi nzuri. Nilijiambia itashika."

"Ulijiambia." Akauonyesha kwa kidole mstari ule mwekundu. "Tungekufa sote wawili, nani angemzika nani?"

Akageuka, akapanda ngazi za ukuta, akashuka upande wa pili, akaenda zake ufukweni kwa mwendo wa mtu anayepima shamba. Wakamwona akipungua, akipungua, mpaka akawa kijiti.

"Mwacheni," Enid akasema. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kitoto. "Hilary hasira zake huzimalizia miguuni. Mume wake alipokufa alitembea kwa miguu hadi mji wa Skegness, mbali huko pwani, ikabidi nimfuate na teksi. Mmekula?"

"Hatuna njaa," Beryl akasema.

"Mnayo. Kaeni."

Akawakalisha ukutani, akawapa samaki wa dada yake. Beryl akala huku machozi yakichuruzika kwenye siki ya samaki, na hakujua ni wakati gani alikuwa ameanza kulia.

*

Bi Cawdron alirudi baada ya nusu saa, viatu vimejaa mchanga.

"Ungeweza kunyamaza," alimwambia Mervyn. "Nisingejua. Kama ningekufa, pia nisingejua."

Mervyn alifungua mdomo. Beryl akamtangulia.

"Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze," akasema. "Jana. Nilikata simu kwa kidole changu. Niliogopa utatuchukulia nyumba. Na Januari ni mimi niliyemkimbiza, kwa ajili ya posta. Kama ni kushtaki, andika majina mawili."

Bi Cawdron alimtazama. "Wewe ndiye niliyezungumza naye kwenye simu."

"Ndiye mimi."

"Uliniambia unalala na koti."

"Nililala nalo."

Bi Cawdron akaketi ukutani, akaanza kukung'uta mchanga viatuni, kiatu kimoja, kisha cha pili, bila haraka.

"Sitaki nyumba ya mtu," akasema. "Ninayo, na inavuja. Wala sitaki fedha. Nataka nguzo. Na safari hii, Bwana Foxall, nataka ziwe nguzo za kweli, na ukimaliza utakuja kuzifunga mbele ya macho yangu, na hayo makopo yako uje nayo."

"Nitafanya."

"Na gesi?"

"Hakutakuwa na moto kabisa. Nitakereza kimkono kizima kutoka kwenye chuma kimoja, nikifunge kwa bolti. Ila..." Akasita. "Mashine ya kazi hiyo sina. Ninamjua mwenye nayo."

Beryl alimjua pia. Kwa miaka mitatu alikuwa akimtajia mumewe jina la mtu huyo, na kwa miaka mitatu Mervyn alikuwa akijifanya kiziwi.

*

Dalvinder Sahota alijifunza kukereza akiwa na miaka kumi na sita, kando ya Mervyn, akipigwa rula vidoleni kila alipokosea kipimo. Sasa ana karakana yake Cradley, jirani na Lye, mashine nne na wafanyakazi sita. Jumatatu Mervyn alisimama mlangoni pake na nguzo nyingine nne kuukuu kwenye kikapu, alizozitoa kwenye magari yaliyotupwa, hazijakatwa bado, mbili za gari lake na mbili za gari la Bi Cawdron. Beryl alibaki garini, kioo chini.

"Mwalimu!" Dalvinder akapiga kelele kushinda mashine. "Mimi nilidhani umekufa!"

"Nusura. Nina ombi. Ukikataa sitakasirika."

Akamweleza, na ile ya gesi akaieleza pia. Dalvinder alisikiliza, akiipindua nguzo moja mkononi.

"Miaka mitatu," akasema. "Tanuri ninalo pale. La kupashia, la kupozea, lote. Kila Krismasi nakutumia kadi, nakuandikia njoo. Ungekuja Januari ningekupashia zile na chai nikakupa."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungekuja." Kisha akacheka, akamtupia koti la kazi. "Ile mashine ya pembeni. Ukivunja kisu cha mashine, nakupiga rula."

Kazi ilichukua jioni tano baada ya zamu ya dukani. Mervyn alikata kila kimkono cha zamani, akasawazisha uso wa nguzo mpaka ukawa kama kioo, akatoboa, akatia hesi za kushikia bolti. Vimkono vipya vilitoka katika kipande kimoja cha chuma kigumu, vifupi, vinene shingoni, kila kimoja na bolti mbili na pini ya kukizuia kisicheze. Beryl alimletea chakula katika kopo. Mara moja alimkuta amezungukwa na wafanyakazi wote sita, anawaonyesha namna ya kupanua tundu la juu ili kiungo kikae bila kupwaya, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza choo kiko wapi. Jioni ya mwisho Dalvinder akamvuta kando. Siku mbili kwa wiki, akasema. Si sadaka, mwalimu. Vijana wangu hawajui kupima.

*

Jumamosi ya tatu baada ya siku ile walikwenda tena Lincolnshire. Mervyn alifunga nguzo ghalani, Bi Cawdron amesimama nyuma ya bega lake na orodha ya vipimo, akimrudisha nyuma kila alipokaza bolti kabla yeye hajaisoma namba ya mkazo. Alipomaliza, makopo akayapuliza Bi Cawdron mwenyewe. Hakuna aliyemsaidia. Alisubiri dakika kumi, akafuta, akapuliza unga, akavaa miwani ya kusomea, akapiga magoti. Aliichunguza kila nguzo kwa muda ambao Enid alisema angeweza kuoka mkate.

"Hakuna kitu," Bi Cawdron akasema, akanyoosha mgongo. "Haya. Enid, kofia yako."

Wakatoka wote nje. Gari la kijani likanguruma, likapita kanisani, likakata kona kuelekea Louth. Beryl alilisikiliza likififia, kisha likarudi kutoka upande mwingine wa kijiji, Enid akipunga mkono juu kama malkia. Bi Cawdron alishuka, akavua glavu, akamnyooshea Mervyn mkono. Hakusema ahsante. Alisema, "Halivuti upande hata kidogo," na Mervyn akawa mwekundu hadi shingoni.

Walipoondoka jua lilikuwa bado juu. Beryl aliendesha. Kabla ya kufika Lincoln Mervyn alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono myeusi ya grisi mapajani. Barabara ilikuwa tupu na mashamba ya pande zote yalikuwa ya manjano. Beryl hakuwa akifikiria chochote. Ghafla kifua kikamjaa, akashindwa kuona mbele, ikabidi aingie pembeni ya njia, penye majani, azime injini.

Akaweka kichwa kwenye usukani akalia, kilio kikubwa cha kutikisa mabega, cha wiki tatu nzima.

Mervyn akaamka, akajifuta udenda, akatazama huku na huku.

"Nini? Tumeharibikiwa?"

"Hapana," Beryl akasema, na akajikuta anacheka katikati ya machozi. "Hatujaharibikiwa. Kila kitu kizima. Lala, baba, lala."

Mervyn hakulala. Alitoa leso iliyokuwa na grisi kidogo kuliko mikono yake, akampa, akangoja mkewe amalize.